Kiraka Kwenye Nguo Nzima

Ukimpelekea Fundi kitambaa kipya akushonee, swali lake la kwanza halikuwa la upana wa kifua wala urefu wa mkono. Aliuliza, "Ile ya zamani iko wapi?" Ukimwambia umeitupa, alikirudisha kitambaa chako ndani ya mfuko uliokuja nao, akaufunga vizuri na kukupa. Ukimwambia iko nyumbani, alikwambia ukailete, hata kama umetoka Ukunda kwa bodaboda na mwenye bodaboda keshaondoka. Akishaipata aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Kisha akasema neno lake ambalo kijiji kizima cha Bongwe tulilijua: "Hii haijafa. Imezimia tu."

Basi ungerudi kwako na nguo ile ile uliyotaka kuikimbia, imetiwa kiraka, na kitambaa kipya kiko kwapani. Wengi walinuna. Mimi nilinuna miaka mingi, maana nyumba yangu na yake zilitenganishwa na ua wa makuti tu, na kila nguo niliyoanika kambani aliiona.

Jina la mama huyu sitalitaja. Sote tulimwita Fundi, wakubwa kwa wadogo, naye akaitika. Mtu uliyemfanyia khiyana, naona si haki kulitembeza jina lake mbele za watu kana kwamba mambo yako naye ni safi. Khiyana yenyewe nitaisema, ila niacheni kwanza nimseme yeye.

Viraka vyake havikuwa vya kujificha. Alivikata kutoka kwenye leso kuukuu, hizo ambazo wenzetu wengine huziita kanga, na hazikuwa leso za kuokota. Kwetu mwanamke akifariki, jamaa hugawana nguo zake siku ya kumaliza matanga. Leso nzuri huchukuliwa na mabinti na mawifi, na zilizochakaa hubaki hazina mwenyewe. Hizo ndizo alizoletewa Fundi. Alizifua, akakata pale palipobaki pazima, akavikusanya vipande na kuvifunga kwa utepe uliochanwa kwenye leso hiyo hiyo, akavitia katika kasha lake la mvule. Kila nyumba alikuwa ameipa namna yake ya kufunga. Sisi kwetu ilikuwa mafundo mawili na kitanzi. Majina hakuandika, ingawa kusoma na kuandika alijua vizuri. Alisema karatasi huliwa na mende.

Nguo yako ikichanika, aliliendea kasha, akapapasa mafundo, akakutolea kipande cha mama yako au cha bibi yako. Mama yangu alikuwa hajatimiza hata mwaka kaburini nilipompelekea Fundi blauzi iliyochanika begani. Leso ya mama ilikuwa ya kahawia na samawati, na pembeni ina alama ndogo ya kuungua, ya cheche ya mkaa, maana mama alichoma mihogo barabarani mpaka mwezi wake wa mwisho. Fundi alinivalisha ile blauzi mwenyewe, akanipangusa bega kwa kiganja.

"Hapa umeshikwa na mamako," alisema.

Nililia pale barazani hadi pua ikaziba. Yeye aliendelea kukanyaga cherehani yake, akaniacha nimalize.

Ustadhi wa madrasa yetu alikuwa na kanzu iliyoraruka upindo, akataka nyingine mpya kwa ajili ya Maulidi. Fundi akaikataa mpya, akaishona ile ya zamani. Siku ya tatu Ustadhi alirudi uso umemwiva.

"Fundi, umenitia maua!"

"Nimekutia kwa ndani, Ustadhi. Nani atayaona?"

"Mimi nayaona."

"Basi yatazame vizuri. Hayo maua ni ya mamako."

Ustadhi alisimama kidogo, kisha akaaga. Baada ya hapo, wanaopeleka watoto madrasa walimwona akisomesha huku vidole vyake vimeshika upindo wa kanzu, anaupindua, anaurudisha. Ile kanzu aliivaa mpaka ikawa nyepesi mno.

Na msidhani Fundi alikuwa walii. Alikuwa mkali, na alikuwa na udhaifu wake, nao ulikuwa viatu. Kila Idd alinunua vipya, vya kumetameta, vyenye vishaufu mbele, na alivivaa kwa maringo kutoka mlangoni kwake hadi msikitini. Nilimtania mwaka mmoja, "Fundi, vile vya Idd iliyopita vimekufa?"

"Vimezimia," alinijibu. "Na wewe shughulika na miguu yako."

Redio nayo aligombana nayo. Ikitangaza sabuni mpya, yenye nguvu zaidi, aliijibu kwa sauti, cherehani ikiendelea: "Kwa hiyo ile ya jana ilikuwa haifui? Na mbona mlituuzia?" Wapita njia walidhani ana mgeni ndani anamkaripia.

Jambo moja kwake lilinitatiza muda mrefu. Mtoto wa shule hakumtia kiraka kamwe. Sketi ya shule ikichanika, hasa ya mtoto wa nyumba isiyojiweza, alichukua sindano na uzi wa rangi ile ile, akakaa nao adhuhuri nzima, akifuma uzi mmoja mmoja mpaka hata ukilitafuta tundu kwa ncha ya kidole hulipati. Na malipo hakutaka. Nilimuuliza mbona hao hawapi vipande vya bibi zao.

"Kiraka ni cha mtu mwenye nguo nyingine kabatini," alisema. "Huyu hana. Wenzake watamcheka, na mimi nitakuwa nimemwongezea tundu."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, na nikayasahau yalipohitajika.

Mwenye duka alitoka Nairobi. Alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, nywele kazisokota, na mwezi wa kwanza alitembea pekupeku kwenye lami ya Diani mpaka jua likamfunza. Alikuwa ameacha kazi kwenye kampuni ya matangazo. Alisema alichoka kuwauzia watu vitu wasivyovihitaji, na mimi hadi leo naamini alisema kweli. Alifungua duka dogo la nguo kwenye barabara ya ufukweni, na mlangoni akaweka ubao ulioandikwa kwa chaki: NUNUA KIDOGO. Hoteli nilikokuwa nikifanya kazi ya dobi ilikuwa imetupunguza kazini wageni walipoadimika, kwa hivyo aliponiajiri niuze dukani kwake nilimshukuru Mungu.

Siku moja nilikwenda kazini na ile blauzi. Alinishika bega.

"Waah! Hii umetoa wapi? Hii ni moto, aki."

Nikamweleza yote, kasha, mafundo, leso za marehemu, Ustadhi na maua yake. Nilieleza kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha mali ya kwao. Alinisikiliza machozi yakimlengalenga. Wiki iliyofuata alikuja Bongwe na mashati ishirini mapya ya pamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Chai ililetwa. Mashati yakatolewa. Fundi alichukua moja, akaligeuza ndani nje kama kawaida yake, akaliinua kwenye mwanga.

"Haya yameugua nini?"

"Hayajaugua, mama, ni mapya. Nataka uyakate hapa na hapa, halafu uweke zile viraka zako. Yakuwe na stori, unaona?"

Fundi alinitazama mimi, hakumtazama yeye. "Mwataka niyajeruhi, kisha niyatibu?"

"Hapana, mama. Si tunapinga vile watu hutupa nguo ovyo? Mimi na wewe tuko pamoja kwa hii maneno."

"Kama tuko pamoja, mwanangu, yavae kwanza. Yakichanika, mimi nipo hapa, inshallah."

Yule dada alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akamkumbatia Fundi. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye birika muda wote huo. Alikuwa ameomba ruhusa, na Fundi akakubali akidhani anapigwa picha moja. Video ile ya mama wa Bongwe anayekataa kazi ilizunguka kuliko tangazo lolote ambalo yule dada alipata kulitengeneza alipokuwa akilipwa kutengeneza matangazo. Kabla mwezi haujaisha duka lilikuwa na jina jipya, HAIJAFA, kwa herufi kubwa za bluu. Neno la Fundi likawa kwenye lebo za shingoni, kwenye mifuko ya karatasi na kwenye tisheti.

Wageni wakaanza kuja Bongwe kwa tuktuk kumwona mwanamke asiyeuza. Aliwakatalia kwa adabu, na kadiri alivyowakatalia ndivyo walivyozidi kuja. Mmoja wao alipoambiwa kwamba shati lake halina tundu, alitoa kisu kidogo mfukoni akalichana mkono palepale mbele yake, anatabasamu, akampa. Fundi aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akimfungia mgeni mlango.

Nao vijana wa Ukunda wakamgeuza mzaha, wala hawakuwa na ubaya. Akisema neno lake sokoni, msichana mmoja humwambia, "Fundi, nawe umenunua ile tisheti?" Wengine wakacheka. Siku moja nilikuwa barazani kwake alipoinua gauni la jirani kwenye mwanga wa mlango. Alifungua kinywa, akakifunga. Kisha akasema tu, "Inashoneka."

Sasa nifike kwangu.

Dada yake Fundi alifariki Vanga. Akaenda matangani, na mvua ikaharibu barabara, akakaa huko zaidi ya alivyopanga. Ufunguo aliniachia mimi jirani yake, niwape kuku maji na niangalie mchwa wasilifikie kasha. Wakati huo duka lilikuwa limeajiri mafundi wawili wa kuyatia mashati mapya viraka vya leso za dukani. Wateja hawakudanganyika. Walivishika vile viraka na kusema vimekaa kipya kipya.

"Hatuwezi pata zile za ukweli?" mwenye duka aliniuliza. "Kidogo tu. Na wewe nikufanye msimamizi hapa."

Hakunilazimisha. Nataka hilo lieleweke. Wala nisijisingizie kutojua, maana mmoja wa waliokuwamo ndani ya kasha lile ni mama yangu. Nilijiambia kwamba leso zimelala gizani bure, na huko dukani zitaonekana na watu wa dunia nzima. Nikafungua kasha baada ya swala ya adhuhuri, mchana kweupe. Nilikusudia kutoa kipande kimoja kimoja kutoka kila furushi na kufunga tena. Lakini vizuri vilikuwa vya chini. Nikafungua furushi hili, nikafungua na lile, nikavitandaza mkekani nichague, na nilipogeuka kufunga, tepe zote zilikuwa rundo moja. Mimi nilijua fundo la nyumba yetu tu. Mafundo mengine yote yalikuwa kichwani mwa Fundi, naye yuko Vanga anamlilia dada yake.

Nilijaribu kuzifunga tepe kwa kubahatisha, nikashindwa. Kisha, kwa kuwa vilikuwa vimeshachanganyika, nikaona hasara ni ile ile, nikabeba vizuri vyote. Vya mama yangu nilivipeleka pia. Nilijiambia si uungwana kuwatoa mama za watu nikamficha wangu.

Aliporudi nilisikia mfuniko wa kasha ukifunguka, nami niko nyuma ya ua. Nilingoja ukelele. Haukuja. Jioni aliniita.

"Mwanangu, ufunguo ulikuwa kwako?"

"Ndiyo, Fundi."

"Haya."

Ni hilo tu. Laiti angenitukana. Wiki ile alivitia vipande vilivyobaki kwenye kikapu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alikaa mlangoni, akavimwaga kwenye mkeka, akasema, "Nimepoteza amana yenu. Tazameni kama humu mtaitambua, na mnisamehe." Hakusema imeibwa, alisema nimepoteza. Wengine walimhurumia, wakamwambia achukue kipande chochote, vitambaa ni vitambaa. Ustadhi alipekua kikapu mpaka chini mara mbili, akasema hamna, akamshukuru kwa kuja. Nyumba zote alizipita, isipokuwa yangu.

Baada ya hapo cherehani ilifunikwa shuka. Macho yake, ambayo tayari yalikuwa na ukungu, yakazidi, na binti wa kaka yake akaja kumchukua akakae naye Msambweni. Aliondoka na sanduku moja la nguo na sanduku zima la viatu. Mimi nilikuwa kazini siku ile. Nilikuwa msimamizi.

Msimu ulipofungwa dukani tulitoa mashati yaliyobaki tuyapunguze bei. Nilikuwa nikiyatundika mstari mmoja, nikaona kahawia na samawati, na pembeni alama ya kuungua. Nilikuwa nimelikunja na kulikunjua shati lile sijui mara ngapi. Nikalinunua, nikakatwa kwenye mshahara, na Ijumaa iliyofuata nikaenda nalo Msambweni.

Alikuwa amekaa mkekani ukumbini, miguu kainyoosha, na viatu vyake vya kumetameta viko kando, kimoja kimemgusa goti.

"Shikamoo, Fundi."

Aligeuza sikio. "Marahaba. Wa Bongwe huyo. Karibu, mwanangu."

Nilipiga magoti. "Fundi, ni mimi niliyelifungua kasha."

"Najua. Kuku hawafungui kasha."

"Mbona hukunitaja?"

"Ufunguo nilikupa mimi," alisema. "Ningemtaja nani?"

Nilimwekea shati mapajani. Alilipapasa, akaligeuza ndani nje, hata sasa ambapo kuona haoni, kisha akalirudisha. Kidole chake kilipita kwenye mshono wa bega, kikashuka, kikafika kwenye kiraka, kikaikuta ile alama ya kuungua. Uso ukamlainika.

"Huyu ni mamako."

"Ndiye."

Kisha akapeleka mkono upande wa pili wa shati, chini ya kiraka. Akapapasa. Akarudia. Akarudia tena.

"Hapa ndani pazima."

"Ndiyo, Fundi."

"Hapakuwa na tundu."

"Hapakuwa."

"Sasa mamako ameshika nini hapa?"

Alimwita binti wa kaka yake amletee wembe. Akazikata nyuzi moja baada ya nyingine, kwa vidole tu, polepole, bila kuligusa shati wala leso. Kilipobanduka kiraka, shati lilibaki zima kama lilivyotoka kiwandani, na vitobo vya sindano tu vilivyozunguka mahali pale. Alilisukuma kando. Kipande cha mama akakiweka gotini, akakilainisha kwa kiganja.

"Haya, nipe nguo yako iliyochanika nikishone. Uzi nitatungiwa."

Nilijitazama. Nilikuwa nimevaa dera jipya, la kitambaa kile kinachong'aa. Nikapita kabatini mwangu kwa fikira, rafu hadi rafu. Ile blauzi ya bega nilikuwa nimeitupa nilipopewa usimamizi, maana wasimamizi tulivaa tisheti za duka. Nyingine nilizitoa zilipopauka tu.

"Sina, Fundi."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Hakunilaumu. Alikikunja kile kipande mara nne, akanitafuta mkono, akakiweka kiganjani na kunifumba vidole kimoja kimoja.

"Basi subiri," alisema. Kisha akauliza kama nitakunywa chai.

Ramadhani haikumkuta. Kazi ya duka niliiacha, nalo bado lipo, na jina lake bado ni lile. Dera nililovaa siku ile ndilo ninalolivaa sasa. Ninalimia nalo, ninapikia nalo, ninalifua kwa mkono mzito na kulikamua kwa hasira. Rangi imetoka yote. Nyuzi zake sijui ni za nini, hazikatiki. Mkasi ninao, uko kwenye kikapu karibu na mlango. Ningekata kidogo tu begani, mama akapata pa kushika, wala hakuna ambaye angejua. Huuchukua, nikaufungua, nikakumbuka yule mgeni na kisu chake, nikaurudisha. Kipande cha mama kiko ndani ya mto wangu. Asubuhi nikilianua dera kambani huliinua kwenye mwanga wa mlango, nikalitafuta tundu.